Ulichokiandika kwa Kalamu ya Risasi

Bisimwa,

Uhamisho wa kubadilishana ni tukio ambalo kromosomu mbili zisizo za jozi moja hukatika, kila moja ikapoteza ncha yake, na kila moja ikapokea ncha ya mwenzake. Fasili hii ina masharti matatu, nawe uliyaelewa kabla sijamaliza kuyaeleza: pasipotee kitu, pasiongezeke kitu, na pasibadilike kitu isipokuwa ujirani. Aliyekaa pembeni mwa huyu sasa anakaa pembeni mwa yule. Ukihesabu kromosomu kabla ya tukio na baada yake, utapata idadi ile ile. Kwa hiyo mtu anayehesabu tu hatauona uhamisho kamwe, hata akihesabu maisha yake yote bila kukosea.

Nimeanza na fasili kwa sababu sijui kuanza na salamu. Marehemu huulizwa habari gani? Kwa miaka kumi na moja meza yako ilikuwa hatua nne kutoka mezani pangu, na katika miaka hiyo sikukuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa nilikuwa nikigeuza kichwa tu na kukuita. Sasa ninakuandikia kwa sababu picha zimefika kutoka ng'ambo, kwa sababu Ijumaa nitasimama mbele ya idara kuzieleza, na kwa sababu hakuna aliye hai anayejua kwamba juu ya jambo lililomo katika picha hizo wewe ulisema kweli, nami nikaifuta kweli hiyo kwa mkono wangu.

Ninakuandikia pia kwa sababu ninakuonea wivu. Nalitaja neno hili mapema, kama tunavyotaja rangi tuliyotumia kabla ya kueleza tulichokiona, ili ijulikane kwamba kila kitakachofuata kimepita ndani yake.

Unakumbuka utaratibu wetu. Niliuweka mimi. Kila slaidi husomwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, bila kusemezana. Msomaji wa kwanza huandika katika rejista upande wa kushoto, kwa kalamu ya biki. Msomaji wa pili huandika upande wa kulia, kwa kalamu ya risasi. Wakikubaliana, maandishi ya risasi hupitiwa juu kwa wino. Wakitofautiana, msomaji wa kwanza hutazama tena; akishikilia neno lake, maandishi ya risasi hufutwa, ili rejista ibaki safi. Niliuonea fahari usafi wa rejista ile. Wageni waliopita maabarani waliifunua na kuisifu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini msomaji wa kwanza nilikuwa mimi siku zote, wala ilikuwaje utaratibu wa wasomaji wawili, kila walipotofautiana, ukaacha karatasini maneno ya msomaji mmoja.

Sababu ilijulikana bila kutajwa. Mimi nilikuwa na udaktari. Wewe ulikuwa na diploma ya sekondari na karatasi ya kazi iliyoandikwa « préparateur ». Uliajiriwa kuosha vyombo vya kioo, kuchanganya alkoholi na asidi, na kunitayarishia slaidi. Kuzisoma ulijifunza kwa kusimama nyuma yangu.

Nianze na kidole gumba chako, kwa kuwa wivu wangu ulianzia hapo, miaka mingi kabla ya shina la mgomba la Cimpunda, mtaani kwenu. Kuitandaza seli chini ya kioo chembamba ni kazi ya kubonyeza: ukibonyeza kidogo, kromosomu hubaki zimerundikana, ukibonyeza mno, hupasuka na kutawanyika kama maharagwe yaliyomwagika. Mimi nilifundishwa kazi hiyo miaka mitano katika nchi ya baridi, na walimu wenye subira, mbele ya hadubini ambazo bei yake ingejenga mtaa. Nikarudi Bukavu na shahada yangu. Wiki ya pili ukakunja karatasi ya kunyonya maji, ukaiweka juu ya kioo, ukabonyeza kwa gumba huku ukitazama ziwa dirishani, ukanikabidhi slaidi ambayo mimi sijawahi kuitengeneza hata leo. Kromosomu thelathini na tatu, kila moja mahali pake. Nilisema, “Si mbaya.” Ukajibu, “Merci, Docteur.” Nilikwenda nyumbani na kushindwa kula.

Na dirisha. Umeme ulipokatika, yaani siku nyingi kuliko zile ulipowaka, tulirudi kwenye hadubini ya zamani yenye kioo cha kuakisi, tukaisogeza dirishani kuomba mwanga wa asubuhi. Mimi nilinung'unika. Wewe ulifurahi. Ulikuwa na kigoda chako, kile chenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya, na ulisema mwanga wa jua hauna haraka kama ule wa balbu. Niliuchukia usemi huo kwa kuwa haukuwa na maana yoyote ya kisayansi, na kwa kuwa ulikuwa kweli.

Shina lenyewe nililifahamu kwa masikio kabla ya kuliona. Mama yako, Mungu amrehemu, aliolewa akitoka Walungu na chipukizi la mgomba kichwani, limefungwa ndani ya kitenge, akalipanda Cimpunda nyuma ya jiko, mahali pekee palipobaki kati ya ukuta na korongo. Mtaa ule hauna nafasi ya kupanda hata kitunguu. Nyumba zimekaa moja juu ya bega la nyingine. Mgomba ukaishi kwa maji ya kuoshea masufuria. Wewe ulikua ukila ndizi zake, na siku moja ukaniambia, ukiosha mirija: “Docteur, ndizi ya kwetu haifanane na zingine. Ukiipika, iko inakawia kuiva.”

Nilikujibu: “Basi ulaumu makaa ya mama yako.”

Ulicheka. Ulikuwa ukicheka vizuri hata pale ulipochekwa, na hilo pia lilinichoma.

Kesho yake ukaja na ua dume la mgomba ule ndani ya mfuko, lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Ulilikata saa mbili kamili asubuhi, kwa kuwa ulishagundua mwenyewe kwamba kwa migomba yetu saa hiyo ndiyo saa ya kuzikuta seli za chavua zikijiandaa kugawanyika. Kitabu changu kilitaja saa nyingine. Nilijaribu saa ya kitabu mara nyingi, kwa siri, nikitumaini kukupata na kosa.

Naandika sasa kama vile msomaji hajui, kwa sababu siku ya Ijumaa watakuwepo wasiojua, na nataka nijizoeze mbele yako. Ndizi zetu za milimani zina seti tatu za kromosomu, kila seti kumi na moja. Ndiyo thelathini na tatu. Seli ya chavua inapojiandaa kugawanyika, kromosomu zinazofanana hutafutana na kushikana. Kwa kuwa seti ni tatu, zinazofanana zaweza kushikana tatu pamoja. Au zishikane mbili na ya tatu ibaki peke yake. Haziwezi kushikana nne, maana ya nne ya kufanana nazo haipo. Zikionekana nne zimeshikana, kuna maelezo ya aina moja tu: mojawapo imebeba kipande cha kigeni, na kwa kipande hicho inamshika ndugu wa yule mgeni. Yaani uhamisho ulitokea, mahali fulani, wakati fulani, na mgomba bado unautunza. Nao utautunza kwa uaminifu, kwa kuwa haupandwi kwa mbegu. Chipukizi hutoka ubavuni mwa mama likiwa na kila kitu cha mama, pamoja na kasoro zake. Kiumbe kisicho na mbegu hakina njia ya kusahau.

Nilisoma kwanza. Katika pembe ya seli moja niliona tatu zimeshikana na moja imelala kando yake. Nikaandika kwa biki: III + I. Nikahesabu zote: thelathini na tatu. Nikafunga biki.

Ukakaa kwenye kigoda. Ukakaa muda mrefu hadi wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho wakaja kusimama nyuma yako. Kisha ukaandika kwa risasi, na uliponisogezea rejista niliona umeandika IV.

“Docteur, hapa iko ine. Imeshikana.”

“Ni tatu. Ya nne imelala karibu.”

“Haijalala. Iko inashika. Angalia mukono yake.”

“Bisimwa, kromosomu haina mkono.”

“Basi angalia ile yenye haina mukono, lakini iko inashika.”

Wanafunzi wakaangua kicheko. Nilitazama tena. Nataka kuwa mkweli kabisa juu ya kutazama kule, kwa maana barua hii yote imesimama juu yake. Nilitazama kwa muda ambao mtu hutumia akiwa ameshaamua. Jicho langu lilikuwa hadubinini. Sikio langu lilikuwa bado kwenye kicheko. Nikasema: “Tatu na moja. Na jumla ni ile ile.” Nikachukua kifutio. Wewe ukainama na kupuliza makombo ya kifutio yasianguke kwenye hadubini. Uliyapuliza taratibu, kwa uangalifu ule ule uliokuwa ukiutumia kupuliza kioo safi. Halafu ukasema, “Bon. Trente-trois, Docteur,” ukirudia thelathini na tatu yangu, ukaenda kuosha mirija.

Hukurudia tena jambo hilo. Mwenye wivu husubiri kurudiwa, ili apate la kujibu. Hukunipa.

Kilichobadilika tangu ulipoondoka ni hiki. Kigoda chako kipo. Sijamruhusu mtu kukikalia, na wanafunzi wanadhani ni kwa heshima. Mahali pako hapajaajiriwa mtu. Slaidi ninazitengeneza mwenyewe, na wanafunzi wanazipokea kwa adabu ninayoitambua, kwa sababu ni ile niliyokuwa nikiwaonyesha walimu wangu wabovu. Ugonjwa wa migomba, kirabiranya, umefyeka mashamba mengi ya upande wa Kabare. Shina la mama yako halijaguswa, pengine kwa kuwa limejitenga, halina jirani wa kuliambukiza.

Kwenye matanga yako watu waliketi hadi barabarani. Mimi nilipewa kiti cha mbele, cha plastiki, nikasoma wasifu niliouandaa: aya nne, zenye mpangilio. Baada yangu akasimama mmoja wa wanafunzi wale wawili waliocheka, sasa ni mwalimu wa sekondari, akasimulia jinsi ulivyomfundisha kungoja slaidi “kama unangoja mutu aamuke, usimusukume.” Watu walilia. Wasifu wangu haukumliza mtu. Huko huko matangani nikajua kwamba wanafunzi wananiita Papa Trente-trois, na kwamba jina hilo ulilitunga wewe. Aliyeniambia alidhani nitacheka. “Alikuwa anakupendaka sana, Docteur. Alikuwa anasema: huyu, akifika trente-trois, anafunga duka.”

Nimelifikiria jina hilo kwa utulivu. Ni sahihi. Ungeweza kuliandika kwa wino.

Sasa niseme juu ya picha. Mwaka mmoja kabla ya kuugua kwako tuliwapelekea wenzetu wa ng'ambo ncha za mizizi ya migomba minane, ili wazipake kromosomu rangi kwa njia ambayo sisi hatuna vifaa vyake: kila kromosomu hupewa rangi yake, na kipande kilichohamia kwingine hujifichua, kwa kuwa hung'aa kwa rangi ya kule kilikotoka. Mzizi mmoja ulioza kabla ya safari. Uliweka mwingine mahali pake. Hukuficha: uliuandika kwenye orodha, kwa biki, mstari wa saba, “Cimpunda, nyuma ya jiko.” Mimi nilitia saini chini ya orodha ile. Mimi ninayesoma hata maandishi ya nyuma ya chupa za asidi, nilitia saini bila kuusoma mstari wa saba, kwa kuwa ulikuwa umeuandika wewe na nilikuwa nimezoea kwamba huwa hukosei.

Picha zilifika mwezi huu. Nilizifungua kwenye simu, mtandao ukikatika na kurudi, hivyo picha ya saba ilijitokeza polepole kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayevuliwa shuka. Kromosomu ya tatu ilipakwa nyekundu, ya nane ikapakwa kijani. Katika seti mbili kila kitu kilikuwa mahali pake. Katika seti ya tatu, ncha ya ile ya kijani ilikuwa nyekundu, na ncha ya ile nyekundu ilikuwa kijani. Hakuna kilichopotea. Hakuna kilichoongezeka. Hakuna mwizi wa kupigiwa kelele.

Nilizima simu, nikaiwasha tena. Kisha nikaenda kabatini kuitoa rejista.

Upande wa kushoto palikuwa na wino wangu: III + I. Upande wa kulia palikuwa peupe. Nilifanya kazi safi. Lakini ulikuwa na mkono mzito, Bisimwa. Kila kalamu ya risasi uliyopewa ilivunjika. Niliiinua karatasi dirishani, nikailaza upande hadi mwanga ukaipitia kwa mshazari, na kule ambako risasi ilikuwa imefutwa bado palikuwa na mfereji. IV. Nilipitisha ukucha juu yake nikaihisi. Nilifuta rangi tu. Ulichokiandika kilibaki.

Nilikaa na jambo hilo juma zima. Nilijiambia kwamba picha zinajitosheleza. Kwamba sayansi haiulizi nani aliona kwanza bali nini kimeonekana. Kwamba marehemu hapungukiwi kitu na aliye hai ana kazi ya kulinda. Hoja hizi ni nzuri. Ningezipokea kutoka kwa mwanafunzi. Kasoro yake ni kwamba zote zilinijia siku moja, na zote zilinifaa mimi.

Nikapanda Cimpunda kumwambia mkeo. Nabintu alinipokea kwenye ngazi za matope akiwa na beseni mkononi. “Aa, Papa Docteur! Leo umekumbuka njia. Ingia, usiangalie matope, yenyewe iko nyumbani kwake.” Akanipa kiti, akanipa soda, nami nikaufungua mdomo kusema niliyoyajia, nikasikia sauti yangu ikiomba ua dume la mgomba. Alinitazama. “Utaenda kuihesabu tena?” akauliza, akacheka kidogo, na nikajua jina lile limefika hadi nyumbani kwako.

Tulisimama nyuma ya jiko. Shina limenenepa, vichipukizi vinne. Akasema ua hatalikata jioni ile, nirudi asubuhi, saa mbili, “kama Bwana yangu alisemaka.” Kisha, bila mimi kumuuliza, akaendelea: “Alikuwa anasemaka, Docteur iko anasoma, miye niko naangalia. Ni bintu mbili. Na kuangalia, alisemaka ni weye ulimufundisha.”

Uliwaambia hivyo nyumbani kwako, ukijua ulichokijua. Ni uongo, Bisimwa. Sikukufundisha kuangalia, nilikufundisha kusimama nyuma yangu. Kati ya vyote ulivyowahi kunipa, slaidi zote, asubuhi zote, sijui niupime vipi uongo huo mmoja. Nimeuonea wivu kuliko gumba lako. Mimi nisingeweza kuusema juu ya mtu yeyote.

Nilishuka mlimani bila kumwambia kitu.

Asubuhi yake nililichukua ua, nikatengeneza slaidi. Ya kwanza nilibonyeza kidogo. Ya pili nilibonyeza mno. Ya tatu ilifaa. Umeme haukuwapo, nikaisogeza hadubini dirishani, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, nikakikalia kigoda chako. Kinayumba. Sikujua kwamba ulikuwa unasoma ukiwa umejisawazisha kwa mguu mmoja.

Nikaipata seli. Na sasa nitaandika jambo ambalo sitalisema Ijumaa, kwa kuwa halihusu mgomba. Picha nilikuwa nimeziona. Mfereji wa IV nilikuwa nimeugusa. Jibu nilikuwa nalo mkononi kama mtihani ulioibwa. Lakini nilipotazama, jicho langu liliona tatu zimeshikana na moja imelala kando. Nilisubiri, kama ulivyofundisha, nisimsukume anayelala. Mwanga ulihama kutoka ukingo mmoja wa meza hadi mwingine. Niliona tatu na moja. Ninaamini kwamba ni nne. Ninaweza kulithibitisha jambo hilo mbele ya mtu yeyote mwenye elimu. Nitaliamini hadi kufa kwangu. Sijaliona.

Ndipo nikaelewa ninachokionea wivu. Nilidhani ni sifa. Sifa hukupata nyingi, maskini, na zile chache ulizopata matangani nisingezibeba. Nimekuonea wivu asubuhi moja: ile uliyoinama kwenye kigoda kibovu ukaona kitu ambacho hakuna mtu mwingine katika mji huu alikuwa amekiona, na ukakijua, na hapakuwa na mtu kati yako na kitu hicho. Asubuhi hiyo haiwezi kuhamishwa. Naweza kuiweka katika rejista. Siwezi kuwa nayo.

Basi nitafanya yafuatayo, na ninayaandika ili yanifunge.

Ijumaa nitaonyesha picha ya saba, na kabla yake nitaonyesha ukurasa wa rejista. Nitawaomba wauinue dirishani mmoja mmoja. Nitataja jina lako kama msomaji wa kwanza, na langu kama msomaji wa pili aliyekosea. Watanipa pole, na watu wa idara yetu wakimpa mtu pole humkumbusha kosa lake kwa miaka kumi. Sawa. Mahali palipofutwa nitapitisha wino juu ya mfereji wako, taratibu, nisitoke nje yake. Maandishi yangu ya III + I sitayafuta. Yakae pembeni mwa yako, ili atakayekuja aone wasomaji wawili, na aone umbali uliokuwa kati yao. Kuanzia siku hiyo hakuna kitakachofutwa tena katika rejista yetu, na kama itakuwa chafu, iwe chafu.

Jumamosi nitampelekea Nabintu rejista yenyewe aione, si nakala. Nitamwambia kwa maneno mafupi, nikiwa nimesimama, kabla hajanipa soda. Nitaomba kichipukizi kimoja, nikikate kwa panga nililolipitisha motoni ili nisiubebe ugonjwa, nikipande katika bustani ya chuo. Kwenye kibao nitaandika “Cimpunda, nyuma ya jiko,” kama ulivyoandika wewe.

Kisayansi yamebaki maswali, nawe ungetaka kuyajua. Picha inasema kwamba ncha zimebadilishana, haisemi wapi. Huenda tukio lilitokea katika misitu ya mbali ya Asia, ndani ya babu wa porini mwenye mbegu ngumu, likasafiri ndani ya machipukizi karne kwa karne hadi kwenye kitenge cha mama yako. Migomba ya porini ya kule inatofautiana kwa mabadilishano ya namna hiyo hiyo, na ndizi tunazokula ni watoto wa ndoa zao. Au huenda lilitokea hapa, Walungu, au hapo nyuma ya jiko, bila shahidi. Ili kujua mpangilio upi ulitangulia, ni lazima kuwaita wale jamaa wa porini na kuwasoma mmoja mmoja. Nimeshaandika maombi ya kuletewa sampuli zao. Nitawasoma nikiwa na msomaji mwingine, na sote wawili tutaandika kwa wino.

Lala salama, mdogo wangu. Sikukuita hivyo ulipokuwa hai. Wewe uliniita Docteur na mimi nikaona inatosha. Wivu haujaniishia, na sitakudanganya kwamba utaisha Ijumaa. Nitaubeba hadi hapo nitakapokukuta, tukae dirishani, unionyeshe kwa kidole.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Katika ukurasa ule, baada ya IV, kuna mkwaruzo mwingine mdogo, umepinda. Nimeutazama asubuhi, adhuhuri, na jioni, karatasi ikiwa imelala kila upande. Unaweza kuwa alama ya kuuliza. Unaweza pia kuwa jeraha la kifutio changu, maana kilikuwa kikavu na mkono wangu ulikuwa na hasira. Natamani iwe alama ya kuuliza, nawe unajua kwa nini: kama uliuliza, basi ulibahatisha, na aliyebahatisha ninaweza kukaa naye. Lakini kama hukuuliza, basi ulijua, na ulijua ulipoinama kuyapuliza makombo yale.

Kesho kutwa nitaipitia alama hiyo kwa wino, au nitaiacha. Hakuna mwanga ulionisaidia kuamua. Niambie, Bisimwa: mkwaruzo ule ni wa kalamu yako, au ni wa kifutio changu?

Murhula